Kuufanya Uvujaji wa Kongosho Uonekane

Kongosho hukaa nyuma ya mfuko wa tumbo, kichwa chake kikikumbatiwa na duodeni, yaani sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Wengi hulijua kwa insulini, lakini sehemu kubwa ya nyama yake ina kazi nyingine: kila siku hutengeneza takriban lita moja na nusu ya majimaji ya kusaga chakula. Ndani ya seli zake, vimeng'enya vikali kama tripsini na kimotripsini huhifadhiwa katika vifuko vidogo vikiwa bado vimelala, na huamshwa vikishafika utumboni. Bila tahadhari hiyo kongosho lingejisaga lenyewe.

Ugumu wa kulipasua unaanzia hapo. Saratani ikiwa kwenye kichwa cha kongosho, daktari hukiondoa kichwa hicho pamoja na duodeni, kibofu cha nyongo na kipande cha mrija wa nyongo, kisha huunga upya vilivyobaki. Walther Kausch alifanya upasuaji wa aina hii Berlin mwaka 1909, ingawa leo unaitwa kwa jina la Mmarekani Allen Whipple, aliyechapisha taarifa zake mwaka 1935; historia ya tiba haimtendei haki kila mtu. Katika kuunga huko, panapowanyima madaktari usingizi ni pale kongosho linaposhonwa kwenye utumbo. Kongosho lenye afya ni laini, uzi hulichana kwa urahisi, na mrija wake huweza kuwa na upana wa milimita 3 au pungufu. Cha ajabu, kongosho lililokakamaa kwa ugonjwa hushika nyuzi vizuri zaidi.

Mshono ukivuja, hutokea fistula ya kongosho. Majimaji yaliyovuja yakiamshwa, kwa mfano na vimeng'enya vya utumbo, huanza kula nyama ya jirani na kuta za mishipa ya damu. Mgonjwa hupata jipu tumboni, au hutokwa na damu nyingi ghafla, pengine siku nyingi baada ya upasuaji, wakati ndugu zake wameshaanza kushukuru. Na majimaji yenyewe hayana rangi. Yakitiririka kidogo kidogo mbele ya daktari, hayatofautiani na maji.

Hapo ndipo utafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo ulipoingia. Mkemia Yasuteru Urano na wenzake walitengeneza molekuli za rodamini zilizojikunja, ambazo hazina rangi wala mwanga mpaka kimeng'enya fulani kizikate. Zikikatwa hufunguka na kung'aa kijani zikimulikwa kwa taa ya buluu. Mwaka 2011, Urano akishirikiana na Hisataka Kobayashi wa Marekani, alionyesha katika panya kwamba molekuli ya aina hiyo ikipulizwa juu ya uvimbe, seli za saratani huwaka baada ya muda mfupi sana, kwa kuwa zina kimeng'enya cha kuikata kwenye utando wake.

Mwaka 2013 madaktari wa upasuaji wa chuo hicho walieleza matumizi mengine: molekuli inayokatwa na kimotripsini. Karatasi ya chujio hugandamizwa kwenye mkato wa kongosho au kwenye mshono, kisha hutiwa kemikali hiyo pamoja na tripsini, kwa sababu kimotripsini iliyovuja inakuwa bado imelala. Palipong'aa ndipo panapovuja, na daktari anaweza kuongeza uzi kabla ya kufunga tumbo.

Njia nyingine ni kupunguza majimaji yenyewe. Katika jaribio lililofanywa New York kwa wagonjwa 300 na kuchapishwa mwaka 2014, dawa ya pasireotidi ilipunguza matatizo makubwa ya uvujaji na majipu kutoka asilimia 21 hadi 9, ingawa tafiti za baadaye hazikupata nafuu hiyo kila mara.

Tukirudi kwenye karatasi ya chujio, mng'ao wake huonyesha uvujaji uliopo saa ile tu. Uzi unaolegea siku kadhaa baadaye hauonekani. Kwa hiyo mgonjwa huachiwa mrija tumboni, na kiwango cha amilesi, kimeng'enya kingine cha kongosho, katika majimaji yanayotoka hupimwa. Kwa vigezo vya kimataifa vya mwaka 2016, amilesi ikizidi mara 3 ya kikomo cha kawaida cha damu siku ya tatu baada ya upasuaji au baadaye, na hali hiyo ikalazimu matibabu kubadilishwa, hiyo ni fistula. Mrija nao haufai kukaa bila sababu, kwani ni njia ya bakteria. Utafiti wa Verona, Italia, wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba amilesi isipozidi yuniti 5,000 kwa lita siku ya kwanza, ni salama zaidi kuutoa siku ya tatu.