KUPAMBA NYUMBA KWA FEDHA KIDOGO

Watu wengi hudhani ya kuwa kupamba nyumba ni kazi ya matajiri. Mtu akiambiwa kwamba nyumba yake yataka kupambwa, mara moja hufikiri makochi mapya, zulia, kabati la vioo na televisheni kubwa ukutani. Akitazama mfukoni haoni kitu. Basi hukata tamaa na kuiacha nyumba kama ilivyo, au, jambo lililo baya zaidi, huenda kukopa. Katika makala hii nataka kuwaonyesha wasomaji wa gazeti letu, yaani wanafunzi wenzangu, walimu na wazazi, ya kuwa kupamba si kununua. Kupamba ni kupanga vizuri vile ulivyo navyo, na kuongeza vichache kwa mikono yako mwenyewe.

Najua wavulana wenzangu watacheka, na kuniuliza tangu lini mvulana wa Kidato cha Nne amekuwa fundi wa mapazia. Nawajibu hivi: bweni letu hukaguliwa kila Jumamosi, na hapana mvulana hapa asiyejua kutandika kitanda kikanyooka kama ubao. Kwa nini ujuzi huo uishie langoni mwa shule? Nyumba ni ya wote wakaao ndani yake, na anayeichafua hana budi kujua kuipamba.

Kwanza nieleze kwa nini jambo hili si la mchezo. Kwetu ni pembeni mwa mji wa Tanga. Mwaka jana jirani yetu mmoja, mama fundi cherehani, alikopa shilingi 400,000 ili apate makochi mapya kabla ya sikukuu. Mkopo wenyewe ulikuwa wa namna ile watu waiitayo "kausha damu". Alitakiwa arudishe shilingi 520,000 kwa mwezi mmoja, yaani shilingi 130,000 kila juma. Juma la tatu wateja walipungua, naye akashindwa kulipa. Makochi yakachukuliwa, na cherehani ikachukuliwa pia. Hivyo pambo la nyumba likaondoka pamoja na chombo kilichoilisha nyumba. Wazee walisema kweli: kukopa harusi, kulipa matanga.

Miezi michache baadaye mama yangu, ambaye huuza vitumbua, naye alianza kuulizia mkopo. Wageni walikuwa waje kumposa dada yangu, na mama aliona aibu kuwakaribisha katika sebule yenye kuta nyeusi na makochi ya zamani. Dukani aliona makochi ya shilingi 600,000. Dada mwenyewe ndiye aliyesema, "Mama, wakinitaka watanitaka na makochi yetu haya haya." Basi likizo ya Juni dada, mdogo wangu na mimi tuliianza kazi. Haya nitakayoyaeleza ndiyo tuliyoyafanya.

Jambo la kwanza ni kutoa kabla ya kutia. Tulitoa uani kila kitu kilichokuwamo sebuleni, hata sakafu ikabaki tupu. Kisha kila kitu kilipotaka kurudi ndani kiliulizwa maswali mawili: "Watumika? Wapendeza?" Kisichokuwa na jibu hata moja hakikurudi. Kalenda tano za miaka iliyopita hazikurudi. Redio isiyosema wala kiti chenye miguu mitatu havikurudi. Mtashangaa jinsi chumba kile kile kilivyoonekana kikubwa kabla hatujatumia hata senti moja. Chumba kilichojaa vitu hakionyeshi utajiri. Huonyesha kwamba mwenyewe hakuamua.

Jambo la pili ni mwanga. Ukuta mweusi hunywa mwanga, na ukuta mweupe huurudisha chumbani. Kwa hiyo pambo la bei nafuu kuliko yote ni chokaa. Sisi wa Tanga tuna bahati, kwani mawe ya chokaa yako kwetu, kama ajuavyo kila aliyepata kuyaona mapango ya Amboni. Jiwe hilo huchomwa katika tanuri, likazimwa kwa maji na kuwa unga mweupe. Ukipaka chokaa ukutani, hunywa hewa ya ukaa polepole na kugeuka tena kuwa jiwe. Ndiyo maana hushika ukuta ikipakwa vizuri. Kwa kweli umeupaka ukuta wako jiwe jembamba.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Koroga unga wa chokaa katika maji mpaka uwe mwepesi kama maziwa, uache ulale usiku kucha, kisha uchuje kwa kitambaa ili madonge yasiharibu ukuta. Yeyusha konzi mbili za chumvi katika maji ya moto, utie katika kila ndoo. Chumvi husaidia chokaa isikauke upesi mno na isitoke ovyo ovyo nguoni. Watu wengine hutia pia buluu kidogo ya kufulia, ili weupe ung'ae. Sugua ukuta kwa ufagio, uunyunyizie maji, halafu upake. Safu ya kwanza ikiwa mbichi huonekana kama maji matupu, na mtu asiyejua hudhani kazi imeharibika. Usiongeze unga. Ngoja ikauke, nayo itakuwa nyeupe. Safu tatu nyembamba ni bora kuliko moja nene, kwa kuwa nene hupasuka na kubanduka. Lakini angalia: chokaa huunguza macho na ngozi, basi vaa miwani na glavu, na watoto wadogo wakae mbali. Tena haishiki juu ya rangi ya mafuta. Na kama nyumba ni ya kupanga, mwombe ruhusa mwenye nyumba kabla ya kupaka chokaa au kupiga msumari.

Jambo la tatu ni rangi. Katika nyumba nyingi kila kitu kina rangi yake: pazia jekundu, kitambaa cha meza kijani, mito ya zambarau na maua ya plastiki ya manjano. Kila kimoja chaweza kuwa kizuri, lakini pamoja hupiga kelele. Chagua rangi mbili, au tatu zikizidi. Sisi tulichagua buluu na rangi ya ukindu, juu ya weupe wa ukuta. Dada alinunua mita 6 za kitambaa cha buluu cha pazia, akashona kwa sindano ya mkono. Fundi mmoja alitufundisha siri mbili. Ya kwanza, upana wa pazia uwe kama mara mbili ya upana wa dirisha, ili likunjamane vizuri hata likifungwa. Ya pili, kamba au fimbo ya pazia ipite kingo za dirisha kila upande, na iwe juu kidogo ya dirisha. Hapo mchana pazia hukaa juu ya ukuta, mwanga wote huingia, na dirisha dogo huonekana kubwa.

Makochi yetu ya mbao hatukuyatupa. Tuliyapiga msasa mpaka mbao ikaonekana mpya, tukayapaka vanishi, na mito yake tukaivika kitenge. Kochi la zamani lililo imara lina faida moja kuliko jipya la dukani: limekwisha kulipwa.

Jambo la nne ni kutumia vitu vya kwetu. Bibi yetu wa Muheza alituletea mkeka wa ukindu aliousuka mwenyewe. Mkeka huu ni mwepesi, hauweki vumbi kama zulia, na huoshwa na kuanikwa siku moja ukakauka. Mlangoni tuliweka zulia dogo la katani kwa kufutia miguu, nalo tulilifuma kutokana na vipande vya kamba za zamani. Mkonge uliletwa nchini kutoka ng'ambo mwaka 1893, ukaufanya mkoa wetu ujulikane ulimwenguni kote. Lakini ni nyumba ngapi za Tanga zenye kitu cha katani kilichowekwa kwa pambo? Twauza nyuzi, kisha twanunua plastiki.

Wazee wetu wa pwani walijua jambo hili zamani. Katika nyumba za mawe za Lamu, zilizojengwa karne ya 18, kuna zidaka, yaani vishubaka vingi vilivyopangwa ukutani kwa chokaa iliyochongwa, ambamo waliweka sahani za kaure na vyombo vya thamani. Nyumba zile zilikuwa za wenye mali, ni kweli, lakini funzo lake ni la kila mtu: ukuta wenyewe waweza kuwa kabati. Mtu ajengaye nyumba ya udongo aweza kuacha kishubaka ukutani bila ya gharama yoyote. Sisi wenye ukuta wa matofali tulichukua masanduku mawili ya mbao ya sokoni, tukayapiga msasa, tukayakaza ukutani kwa misumari. Moja lina vitabu vyetu, na jingine lina vikombe vizuri vya mama, ambavyo miaka yote vilikuwa vimefichwa chini ya kitanda.

Jambo la tano ni picha. Usitundike picha kumi zilizotawanyika kama kuku waliofukuzwa. Chagua mbili au tatu, uziweke karibu karibu, kwa kimo cha macho ya mtu aliyesimama. Wala usidhani kwamba picha nzuri lazima iwe ya gharama. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa vipande vya hadibodi na rangi ya kupakia baiskeli, kwani ndivyo alivyoweza kuvipata. Alifariki mwaka 1972, lakini namna yake ya kuchora ingali yaitwa kwa jina lake, na watalii huinunua na kuipeleka Ulaya. Mdogo wangu alipata kipande cha hadibodi, akachora kanga wawili, ndege si nguo, nao ndio waliopo sebuleni kwetu leo. Shingo ya mmoja ni ndefu mno, lakini kila mgeni humtazama.

Mwisho, weka kitu kilicho hai. Mrehani katika kopo la rangi lililosafishwa hunukia vizuri kuliko manukato ya chupa. Toboa kopo chini ili maji yatoke, na usiache maji yatuame kwenye kisahani, kwa kuwa mbu waenezao homa ya dengi huzaliana katika maji machache kama hayo.

Sasa hesabu, kwani najua wazazi waisubiri. Chokaa mfuko mmoja, shilingi 10,000. Brashi, 4,000. Chumvi, 1,000. Kitambaa cha mapazia mita 6, kila mita 3,500, jumla 21,000. Kamba na misumari, 2,500. Msasa na vanishi, 10,000. Kitenge cha mito, 15,000. Jumla ya yote ni shilingi 63,500. Hadibodi, masanduku, makopo na mrehani vilipatikana bure, na mkeka ulikuwa zawadi. Fedha hizo mama alizitoa katika akiba ya vitumbua, kidogo kidogo kwa majuma matatu, wala hakudaiwa na mtu.

Wengine watasema, "Wageni wataona ya kuwa ninyi ni maskini." Nami nauliza, je, wageni hawajui? Mgeni mwenye akili hatazami bei ya kochi. Hutazama kama sakafu imefagiwa, kama kikombe ni safi, na kama wenye nyumba wana furaha. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Wageni wa dada walikuja, wakaketi juu ya kitenge chetu, wakala, na posa ikakubaliwa. Sisemi ilikubaliwa kwa ajili ya chokaa. Lakini walipoondoka mama alikaa sebuleni peke yake muda mrefu, taa ikiwaka, naye hakuwa na juma lolote la kuliogopa.

Wanafunzi wenzangu, likizo i karibu. Tutakaporudi nyumbani, wengi wetu tutakuta wazazi wamechoka kwa kutafuta mahitaji yetu ya shule. Hatuna fedha ya kuwapa, lakini tuna mikono miwili na siku za kutosha. Anza na chumba kimoja. Toa vitu nje, fagia, paka, panga. Haba na haba hujaza kibaba. Na wazazi wasomao gazeti hili, tafadhali msituzuie tukianza kuyatoa makochi uani.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne