Je, Wajua? Umeme wa Maji Husimama Juu ya Mafuta

Mjini Bunia, mashariki mwa Kongo, taa zikizimika, wengi huuliza habari za Budana. Kituo hicho cha umeme kwenye mto Shari kilijengwa enzi za Wabelgiji ili kulisha migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, kisha kikawa mali ya SOKIMO, kampuni iliyorithi migodi hiyo. Mazungumzo huwa ni ya maji: yamejaa au yamepungua. Mafuta ya mashine hayatajwi kabisa, na bila hayo turbini ingeunguza beringi zake ndani ya muda mfupi, hata mto ufurike namna gani.

Je, wajua kwamba shafti inayozunguka sawasawa haigusi beringi yake? Katikati hukaa utando wa mafuta ulio mwembamba kuliko unywele, na ni shafti yenyewe inayouvuta utando huo chini yake kadiri inavyozunguka. Siri hii ilifichuka Uingereza mwaka 1883. Mhandisi Beauchamp Tower alikuwa akijaribu beringi za aina iliyotumika kwenye mabehewa ya reli, akatoboa tundu upande wa juu ili apate pa kutilia mafuta. Mashine ilipowashwa, mafuta yakapanda na kumwagika kupitia tundu lile. Akaliziba kwa kizibo laini, kikasukumwa nje. Akapigilia kizibo cha mti, nacho kikatoka. Ndani mle mlikuwa na shinikizo ambalo hakuna aliyelitarajia. Mwaka 1886 Osborne Reynolds akatoa hesabu zinazolieleza, na wahandisi wanazitumia hadi leo.

Turbini nyingi kubwa husimama wima, hivyo uzito wote wa rota, yaani sehemu inayozunguka, pamoja na msukumo wa maji huangukia beringi moja. Kwa muda mrefu hapo ndipo wajenzi walipokwama. Anthony Michell wa Australia na Albert Kingsbury wa Marekani, kila mmoja kivyake, walipata jibu lilelile: gawanya beringi iwe vibao kadhaa, na kila kibao kiweze kuinama kidogo ili mafuta yaingie kama kabari. Mwaka 1912 beringi ya Kingsbury ilifungwa katika kituo cha Holtwood, kwenye mto Susquehanna, Pennsylvania, ikabeba takriban tani 220. Kwa maoni yangu, huu ni miongoni mwa uvumbuzi uliotenda makubwa na kusifiwa kidogo mno.

Shida huwa wakati wa kuwasha, maana rota iliyotulia haijavuta utando wowote. Vituo vingi vikubwa hutumia pampu inayosukuma mafuta kwa nguvu chini ya rota, ikainuliwa kidogo kabla haijaanza kuzunguka.

Mafuta pia ndiyo mkono unaofungua na kufunga milango ya maji kwenye turbini. Katika vituo vingi huwekwa kwenye tangi lenye hewa au gesi iliyoshindiliwa. Umeme ukikatika ghafla, nguvu iliyohifadhiwa humo hufunga milango hiyo. Isingekuwapo, turbini iliyopoteza mzigo wake ingeongeza kasi kiasi cha kuweza kujiharibu.

Adui mkubwa wa mafuta haya ni kile kile kinachozungusha turbini: maji. Fundi hahitaji maabara ili kuanza kushuku. Mafuta mazuri hung'aa kwenye chupa, na yaliyoingiwa na maji hugeuka meupe kama maziwa. Kuna pia kipimo cha bamba la moto: dondosha tone moja juu ya chuma kilichopashwa vizuri na usikilize. Likitulia, maji hayajawa mengi. Likitatarika kama kitunguu kibichi kikaangoni, lina maji. Ni kipimo rahisi, na kinafaa hasa mahali kama Bunia, ambako pipa la mafuta hufika kwa lori baada ya safari ndefu. Ziwa Albert liko karibu, na upande wa Uganda mafuta ghafi yalithibitishwa mwaka 2006, lakini kutoka mafuta ghafi hadi mafuta ya turbini kuna viwanda vingi katikati.

Yakitunzwa, mafuta ya turbini ya maji huweza kutumika miaka 20 na zaidi. Jenereta ya dizeli kwa kawaida hubadilishwa oili kila baada ya saa 250 hivi. Ikiwaka usiku na mchana, hizo ni siku 10 na ushei. Mwenye duka anayetegemea jenereta hununua oili mwaka mzima.

Vipi upepo? Mashine 365 za Ziwa Turkana nchini Kenya hutegemea giaboksi zilizojaa mafuta, kwa sababu mapanga huzunguka taratibu na jenereta hutaka kasi kubwa. Paneli za jua zilizolala juu ya paa hazina cha kupaka.

Na mafuta yakivuja? Shari haiendi Ziwa Albert, japo ziwa ni jirani. Maji yake huingia mto Ituri, ambao mbele huitwa Aruwimi, kisha mto Kongo na hatimaye Atlantiki. Uchafu wa Shari husafiri kupitia msitu mzima. Kwa kuogopa uchafu wa namna hii, baadhi ya vituo duniani vimeacha mafuta sehemu zinazogusa mto na kutumia beringi zinazolainishwa na maji. Mojawapo hutengenezwa kwa mti wa Karibiani uitwao lignum vitae, mzito hata huzama, wenye utomvu unaopunguza msuguano.

Wengine hutumia mafuta ya mimea yanayooza haraka yakimwagika. Mawese yetu nayo yana historia: katika karne ya 19 yalichanganywa kwenye grisi ya ekseli za mabehewa ya reli Uingereza. Kwa turbini hayafai yakiwa ghafi, kwani huganda kukiwa na baridi na huharibika kwa joto na hewa. Kinachotumika ni mafuta ya mimea yaliyobadilishwa kikemia, na bei yake bado iko juu ya yale ya kawaida.