Golf: Mvuvi wa Jumapili anatafuta nini majini?

LUBUMBASHI – Katika mtaa wa Golf wako wakaaji wanaobeba fimbo na ndoano mwisho wa juma, si kwa biashara, bali kwa kupumzika. Mwenye gari anaweza kufika hata ziwa Tshangalele, lililotokana na barage ya Mwadingusha kwenye mto Lufira.

Mvuvi wa namna hii anafuata nini? Utulivu, marafiki, na hewa nzuri mbali na kelele za mji, ndivyo wengi wanavyojibu. Lakini mwaka 2006, mtafiti Robert Arlinghaus alionyesha jambo lingine kwa wavuvi wa Ujerumani: hata wale waliosema hawafuati samaki, furaha yao ilitegemea sana walichovua.

Hapo viongozi wa uvuvi wana la kujifunza. Samaki wakiisha, mapumziko nayo yanaisha.

Pia, sheria moja haiwezi kuwafaa wote. Anayetaka kushindana na samaki mkubwa mwenye nguvu kama mbenga anaweza kumrudisha majini akiwa hai. Huko Watamu, Kenya, shirika la African Billfish Foundation limewazoesha wavuvi, tangu 1990, kuwatia alama samaki wakubwa wa bahari na kuwaachilia. Lakini anayepelekea familia kitoweo hawezi kuambiwa arudi mikono mitupu. Huyo awekewe kipimo cha samaki na idadi kwa siku.

Katanga inajua bei ya kuchelewa. Mpumbu wa mto Luapula, aliyepitia Kasenga, alilisha wafanyakazi wa migodi na mji wa Elisabethville. Alinaswa kwa nyavu wakati wa kupanda mto ili kutaga mayai. Mwishoni mwa miaka ya 1940 karibu atoweke.

Ndiyo maana Zambia hufunga uvuvi kwenye Luapula na ziwa Moero kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Haut-Katanga nayo hutangaza muda wa kufunga.

Mara nyingi tangazo huelekezwa kwa wavuvi wa nyavu. Lakini mvuvi wa Golf ndiye anayeweza kungoja kwa urahisi, kwa sababu sufuria yake haitegemei ndoano. Basi ajulishwe tarehe mapema, kwa redio na dukani anaponunua ndoano, na aombwe kuandika alichovua. Daftari hilo litawaonyesha viongozi mapema kama samaki wanapungua.