Salfa ya Nyamulagira Huishia Masisi

Volkano ya Nyamulagira ilipolipuka tarehe 2 Januari 2010, lava yake ilitiririka ndani ya Hifadhi ya Virunga, mbali na nyumba za watu. Moshi ndio uliosafiri. Upepo wa kwetu mara nyingi huvuma kutoka mashariki, basi ukashika njia ya Sake na milima ya Masisi, na mvua iliyopimwa kipindi kile ilikutwa na tindikali na floridi.

Wanaosoma barafu ya Greenland na Antaktika hutafuta tindikali ya namna hiyo. Kule theluji ya mwaka huu hulalia ya mwaka jana, hadi unene wa zaidi ya kilomita tatu. Volkano kubwa ikilipuka, gesi yake ya salfa hugeuka tindikali angani, ikaanguka na theluji. Barafu ya mwaka huo hupitisha umeme vizuri kuliko ya miaka jirani, na kwa umeme huo mtaalamu huutambua mlipuko. Tambora ya Indonesia, ya mwaka 1815, imo katika ncha zote mbili za dunia. Kinachonifurahisha zaidi ni kisa cha Samalas: barafu ilionyesha mlipuko mkubwa wa karne ya 13, watu wakautafuta mlima wake kwa miongo mingi, hadi mwaka 2013 ulipotajwa, kisiwani Lombok.

Nyamulagira je? Kwa wingi wa salfa ni miongoni mwa volkano zinazoongoza duniani. Lakini kinachoamua kama salfa itafika kwenye barafu ile ni kimo inachorushwa. Katika maeneo ya ikweta, hewa yenye mawingu na mvua hufika kilomita 16 hivi. Pinatubo ya Ufilipino, mwaka 1991, ilirusha salfa ikapita hapo. Kule juu hakuna mvua ya kuiosha, ikazunguka dunia zaidi ya mwaka. Lava ya Nyamulagira ni nyepesi, hububujika zaidi kuliko kupasuka, na moshi wake mwingi haupandi hivyo. Mvua huuteremsha baada ya siku au wiki chache, juu ya maharagwe, malisho na mabati yetu.

Kwa hiyo, mama unayekinga maji ya bati, moshi ukielekea kwenu usiyanywe maji hayo wala kuwapa watoto, ukipata mengine. Kuyachemsha hakuondoi floridi. Maji yakipungua sufuriani, floridi huzidi kukolea.