Kabla Ng'ombe Hajaingia Joto

Katika maeneo ya Thika na Ruiru, kaunti ya Kiambu, ambako mashamba yamegawanywa na kugawanywa tena hadi mengine yakageuka ploti za nyumba, ng'ombe wengi wa maziwa hufugwa zizini na kukatiwa majani ya nepia, na wafugaji wengi hupandisha kwa mbegu ya fahali iliyogandishwa badala ya kufuga fahali. Mbegu hiyo, ambayo baadhi yake hutayarishwa katika kituo cha taifa kilichoanzishwa Kabete mwaka wa 1946, huhifadhiwa katika naitrojeni ya majimaji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri, lakini haina faida isipowekwa ndani ya saa chache zinazofaa. Saa hizo huamuliwa na ovari, yaani viungo viwili vinavyotunza mayai, na kazi inayofanyika humo huanza mapema mno kuliko dalili za joto anazozisubiri mfugaji.

Kila yai hukaa ndani ya folikoli, kifuko kidogo ambacho seli zake hulilisha yai na kutengeneza homoni, yaani kemikali zinazopita katika damu zikiamuru viungo vingine. Folikoli huchukua zaidi ya miezi mitatu kukua tangu iamke hadi ipevuke, na katika siku zake za mwisho hukua pamoja na nyingine kwa mawimbi, mawili au matatu katika mzunguko wa takriban siku 21. Wimbi huanza pale tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, inapoongeza homoni iitwayo FSH, ambayo huchochea kundi la folikoli zenye upana wa milimita 4 hivi kukua kwa pamoja.

Kinachofuata ni uteuzi mkali. Baada ya siku mbili au tatu, folikoli moja hufikia kama milimita 8 na nusu na kuzitangulia nyingine kidogo tu, lakini tofauti hiyo ndogo inatosha, kwa sababu folikoli hiyo hutoa estrojeni na inhibini zinazoizuia pituitari kuendelea kutoa FSH nyingi. Zile ndogo, ambazo bado haziwezi kuishi bila FSH hiyo, hunywea na kufa, ilhali kubwa huwa tayari imejipatia uwezo wa kuitikia homoni nyingine ya pituitari, LH, na kuendelea kukua. Ndiyo sababu ng'ombe kwa kawaida huzaa ndama mmoja, ingawa kila wimbi lilianza na folikoli nyingi.

Hata hivyo mshindi naye huweza kufa bila kutoa yai. Mahali palipotoka yai la mzunguko uliopita hubaki kivimbe cha manjano kinachotoa projesteroni, homoni inayotunza mimba, na kadiri projesteroni inavyokuwa nyingi ndivyo LH inavyotolewa kwa nadra, hivyo folikoli kubwa hudhoofika na wimbi jipya huanza. Mimba isipoingia, karibu na siku ya 17 mji wa uzazi hutoa prostaglandini inayokiua kivimbe hicho. Projesteroni hushuka, LH huongezeka, na folikoli kubwa iliyopo wakati huo hufurika estrojeni. Hapo ndipo ng'ombe hulia, hupunguza maziwa na kuning'iniza ute mwangavu kama uzi, na akiwa na mwenzake husimama apandwe. Aliyefungwa peke yake hana wa kumpanda, kwa hiyo ute huo huenda ukawa ushahidi pekee. Yai hutoka saa 24 hadi 30 baada ya joto kuanza, na kwa sababu hiyo anayeonekana asubuhi hupandishwa jioni, na wa jioni hupandishwa asubuhi.

Njaa huvuruga mpango huu wote. Ng'ombe aliyezaa karibuni hutoa maziwa yenye nguvu nyingi kuliko anayoipata kwenye nepia iliyokomaa, hukonda, insulini yake hupungua na LH hutolewa kwa nadra, hivyo folikoli hukua na kufa wimbi baada ya wimbi bila joto lolote. Kwa kuwa mimba huchukua siku 280 hivi, anayetarajiwa kuzaa kila mwaka anapaswa kushika mimba ndani ya siku 85 baada ya kuzaa, na ng'ombe aliyekonda hivyo anahitaji chakula kizuri kabla ya sindano yoyote ya homoni.

Sindano ya prostaglandini, ambayo wengi humwombea ng'ombe asiyeonyesha joto, hufanya kazi tu pale kivimbe cha manjano kilipo na kimepevuka, na huiharibu mimba ya aliye nayo. Ni kosa kubwa kuidunga kabla ya daktari wa mifugo kumpima. Ikifanya kazi, joto huja baada ya siku 2 hadi 5: mapema ikiwa folikoli kubwa ilikuwa tayari, na kwa kuchelewa ikiwa wimbi lilikuwa ndilo kwanza linaanza. Ili kuondoa tofauti hiyo, watafiti wa Marekani walichapisha mwaka wa 1995 utaratibu unaotanguliza homoni ya ubongo iitwayo GnRH ili kuanzisha wimbi jipya, prostaglandini siku 7 baadaye, kisha GnRH tena baada ya siku 2, na ng'ombe hupandishwa takriban saa 16 baada ya sindano hiyo ya mwisho, hata kama hakuna dalili ya joto iliyoonekana.