"Mzigo Umeingia": Biashara, Makundi ya Simu na Muhali

Anayefuatilia wauzaji wa Kariakoo au Mombasa kwenye simu yake anayajua maneno haya: "Mzigo mpya umeingia. Bei njoo inboksi. Mikoani tunatuma." Sisi tunaosoma Kiswahili hapa Uingereza tunayaona kila siku, na tumeamua toleo hili tuyatazame kwa makini. Je, mitandao ya kijamii imebadilisha nini katika kuuza na kununua?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo kizuri na kibaya vyote vinajitembeza, tena kwenye skrini moja. Mnunuzi hawezi kukishika kitambaa wala kuonja kitumbua. Kwa hiyo anauliza swali moja: nani ananihakikishia?

Mteja kuwa tangazo si jambo geni pwani. Khanga za mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zilipigwa chapa ya "Mali ya Abdulla", na kila aliyejifunga moja alitembea na jina la duka. Ila khanga ilisema alichotaka mwenye duka. Mteja wa leo ana simu, na anasema anachotaka mwenyewe.

Simu pia ilirahisisha malipo. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, mtu wa Kisumu aliweza kumlipa muuzaji wa Mombasa bila kupanda basi. Mwaka 2018 ikaja WhatsApp Business, na muuzaji asiye na duka akapata mahali pa kuweka anuani, saa za kazi na, baadaye, orodha ya bidhaa zake. Hata hivyo wengi bado wanaficha bei. "Njoo inboksi" huwaudhi wateja, lakini sisi tunaiona kama desturi ya zamani ya kupatana bei iliyohamia kwenye simu: kila mteja na bei yake, na jirani asisikie.

Katika makundi ya WhatsApp ya mama na shangazi zetu huku ughaibuni, biashara ina sura nyingine. Mmoja anapika sambusa za Ramadhani, mwingine amerudi Zanzibar na sanduku la madera. Hakuna tangazo la kulipia. Anayekuingiza kundini ndiye mdhamini wako, na sifa moja ya mtu anayeheshimika inatosha kumaliza mzigo wote jioni hiyo hiyo.

Lakini dhamana hiyo ina gharama, nayo ni muhali. Dera likichuja rangi mara ya kwanza kufuliwa, nani atasema mbele ya watu wote kwamba mali ya shangazi fulani ni mbovu? Mnunuzi hunyamaza, hasara anaibeba yeye, na wiki ijayo mwenzake ananunua dera lile lile. Muuzaji naye hapati nafasi ya kujirekebisha, maana hakuna aliyemwambia. Anaona tu wateja wanapungua.

Kwenye kurasa za wazi za Instagram muhali haupo. Mgeni asiyekujua atakuumbua bila kusita. Lakini mdhamini pia hayupo: tapeli huchukua picha za mali ya mtu mwingine, akapokea pesa, kisha akakufungia. Kwa hiyo mnunuzi anachagua kati ya soko lenye dhamana na muhali, na soko lisilo na lolote kati ya hayo.

Tena uwanja wenyewe si wa muuzaji. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa takriban saa sita duniani kote, na aliyekuwa na oda huko alibaki kusubiri. Nchini Uganda, kuanzia Julai 2018, mtumiaji wa mitandao hiyo alitozwa kodi ya shilingi 200 kwa siku, auze asiuze. Na katika kundi dogo, msimamizi akikuondoa, umepoteza wateja wako wote kwa kubonyeza mara moja.

Tunapendekeza mambo matatu. Muuzaji aandike namba za wateja wake kwenye daftari. Mnunuzi aombe video ya mali iliyopigwa siku hiyo, na aanze na oda ndogo. Na kila kundi liweke kanuni: malalamiko yapelekwe kwanza kwa muuzaji faragha, na asiporekebisha, yasemwe kundini bila kuonekana utovu wa adabu. Kanuni hiyo itamlinda shangazi anayeuza na pia shangazi anayenunua.

Ninyi wanachama, na walimu wetu pia, mnaonaje? Muhali unalinda undugu wetu au unalinda mali mbovu? Njooni tujadiliane kwenye kikao kijacho. Hatutasema "njoo inboksi".