Msikunje Mkeka Kabla ya Wakati

Mwezi huu tunaongea jambo ambalo hata kanisani tunalipita kwa kukohoa tu: kitanda cha mume na mke waliovuka miaka 45. Vijana wana semina zao za ndoa. Sisi wazee tunaambiwa, "Nyinyi mmeshazaa, pumzikeni." Eti ndoa nayo inastaafu?

Tuanze na ya kwetu. Tulioana 1988 huko Fizi, na 1996 tukavuka ziwa Tanganyika na watoto wawili. Hapa Nyarugusu tulizaa wengine, na sasa tunalea wajukuu wanne katika nyumba ya udongo ya vyumba viwili. Miaka michache iliyopita mama alihamia chumba cha wajukuu, shauri ya mtoto kuumwa malaria. Mtoto akapona, mama hakurudi. Baba hakuuliza. Akaanza kuchelewa nje, akijibu ni kwa ukali. Miezi minane tuliishi kama watu wanaogawana jiko tu, na Jumapili tunakaa benchi moja tunaimba.

Siku moja tukitoka kutafuta kuni, baba akashindwa kunyamaza.

"Mama, nimekukosea nini?"

Mama akatua mzigo, akalia. "Papa, naumia. Tangu siku zangu zilipokatika nikiwa na wewe naumia, nikaona haya kusema."

Na baba akakiri yake: mwili hauitiki kama zamani, akaogopa kuchekwa. Kumbe kila mmoja alidhani amechukiwa!

Tulikwenda zahanati wote wawili. Tuliyofundishwa ni haya.

Kwa mama: hedhi hukatika mara nyingi kati ya miaka 45 na 55. Hapo ukeni hukauka, na ndiyo maana tendo linauma. Kuna jeli ya majimaji ya kulainisha. Ulizeni muuguzi bila aibu. Zile dawa za kienyeji za kujikausha ziacheni kabisa, zinachubua na kuongeza hatari ya maambukizi. Kabla ya kupita miezi 12 kamili bila hedhi, mimba bado inaweza kuingia. Na damu ikitoka baada ya hedhi kukoma, au baada ya tendo, usingoje, nenda ukapimwe. Inaweza kuwa dalili ya saratani.

Kwa baba: nguvu kupungua mara nyingi si uchawi wala mke. Inaweza kuwa presha, sukari, pombe, sigara, au mawazo ya miaka mingi ya ukimbizini. Dawa nyingine za presha nazo hupunguza nguvu, lakini usiziache kichwa kichwa, mwambie daktari akubadilishie. Vidonge na mizizi ya nguvu vya sokoni ni hatari, hasa kwa mwenye moyo mgonjwa.

Je, Biblia inasemaje? Paulo, katika 1 Wakorintho 7, anaagiza mume na mke wasinyimane, labda wakipatana kwa muda kwa ajili ya sala. Angalieni neno kupatana. Baba asichukue mstari huo kuwa fimbo. Mwenzako akiumwa au akichoka, kulazimisha si haki ya ndoa, ni dhambi juu ya mwili wake.

Na siku ambazo tendo haliwezekani, ukaribu bado upo. Kukandana mgongo baada ya jembe, kushikana mikono gizani, kulala mkeka mmoja mkiongea ya zamani. Sisi tulianzia hapo kabla ya mengine.

Tatizo la nafasi tunalijua. Sisi tumetundika pazia la kitenge, na wajukuu tumewahamishia chumba chao. Jumamosi alasiri wanapokwenda kwaya, mlango unafungwa. Jirani akibisha, basi atarudi!

Someni Mwanzo 26. Isaka na Rebeka nao njaa iliwapeleka ugenini, Gerari. Kwa kuogopa kuuawa, Isaka akadanganya kwamba huyu ni dada yake. Lakini mfalme Abimeleki alipochungulia dirishani akaona wanavyobembelezana, akajua mara moja kuwa hawa ni mume na mke. Hakuhitaji cheti.

Tujiulize: mtu akichungulia kwetu leo, angejua sisi ni nani? Au angesema ni kaka na dada?

Ya kuzungumza nyumbani, watoto wakilala:
1. Ni lini mara ya mwisho tuligusana bila haraka?
2. Kuna maumivu au hofu ambayo sijakuambia?
3. Wiki hii tutapata wapi saa moja ya wawili tu?

Mungu awape amani chini ya paa zenu.